Tairi linapungua upepo kidogo kidogo: nijaze tu, niweke tyubu au nimimine dawa?

*"Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2005, naiendesha hapa Dar kwenda kazini na kurudi. Tairi la nyuma kushoto linaniumiza kichwa. Nikilijaza 32 Jumatatu asubuhi, Ijumaa nalikuta 24. Fundi pancha wa kwanza alikuta msumari, akachomeka ile kamba ya mpira. Likatulia wiki mbili, likaanza tena. Wa pili alilizungusha kwenye karai la maji, akasema haoni povu, labda tairi limezeeka 'linapumua', niweke tyubu yaishe. Shemeji anasema ninunue dawa ya kumimina kwenye valvu. Mume wangu anasema tairi si bovu, tuwe tunajaza tu kila tukipita sheli. Mwisho wa mwezi tunakwenda Iringa na watoto. Nimsikilize nani?"*

Dada yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao watatu. Si kwamba wanasema upuuzi, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Shida ni kwamba wote wamekupa suluhisho kabla ya kujua upepo unatokea wapi. Tyubu, dawa na kujaza kila wiki ni njia tatu za kuishi na tundu. Wewe unataka kujua tundu liko wapi, kisha ndipo tuseme linazibwa kwa nini.

Tuanze na hilo la tairi "kupumua", maana nalisikia sana. Ni kweli mpira hauzuii hewa kwa asilimia mia. Ndani ya tairi lisilo na tyubu kuna tabaka jembamba la mpira wa pekee, ndilo linalofanya kazi ambayo zamani ilifanywa na tyubu, na hata likiwa jipya linapitisha hewa kidogo sana. Lakini kiasi chake ni kama psi 1 au 2 kwa mwezi (psi ndicho kipimo cha hiyo 32 yako). Lako linapoteza 8 kwa siku nne, yaani 2 kila siku. Na kama ingekuwa uzee wa mpira, matairi mengine matatu ya umri uleule yangekuwa yanashuka nalo. Pima la nyuma kulia siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Likiwa limebaki 32, hoja ya kupumua imekwisha: upepo una mlango mahali fulani.

Sasa nimjibu shemeji yangu, mumeo, kwa heshima zote. Kujaza kila wiki kungekuwa sawa kama ubaya wa tairi lenye upepo mdogo ungekuwa kuonekana limebonyea tu. Ubaya wenyewe ni joto. Tairi halibebi gari kwa mpira, linabeba kwa upepo ulio ndani yake. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unalazimika kujikunja zaidi kila linapogusa barabara na kujinyoosha tena likizunguka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hilo linatokea zaidi ya mara 10 kila sekunde. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka haraka, kisha uguse pale kwenye kikunjo, utaelewa kinachotokea ubavuni mwa tairi. Joto likizidi, tabaka za mpira na nyuzi zinaanza kuachana, na zikishaachana hazishikani tena hata ukijaza upepo wa kutosha kesho yake. Ndiyo maana tairi linaweza kupasuka barabarani siku ambayo umelijaza vizuri kabisa. Linalipa deni la wiki zilizopita.

Na hiyo 24 yako si namba ndogo ya kupuuza. Kutoka 32 hadi 24 ni kupoteza robo nzima. Marekani, sheria inayolazimisha gari mpya kuwa na taa ya upepo kwenye dashibodi inataka taa hiyo iwake upungufu unapofika robo. IST yako haina taa hiyo, ila kila Ijumaa ungekuwa unaendesha ikiwa inawaka. Mjini kwenye foleni, kwa mwendo wa kuvizia, tairi linavumilia. Kutoka Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500, gari limejaa watu na mabegi, jua la Morogoro saa saba mchana, tairi hilohilo ni habari nyingine kabisa.

Upepo unatokea wapi?

Kuna sehemu nne za kutazama. Tatu nitazipitia upesi, ya nne nitakaa nayo kwa sababu ndiyo ninayoishuku zaidi.

Ya kwanza ni valvu. Fungua kifuniko chake, tia tone la maji ya sabuni mdomoni, tazama kama kuna kipovu kinavimba. Kikivimba, kipini cha ndani kimelegea au kimechoka. Kinafunguliwa na kuwekwa kingine kwa dakika mbili, na bei yake haifiki hata kukufanya uombe punguzo. Halafu ipinde valvu yenyewe kwa kidole huku na huku, uangalie shina lake linapoingia kwenye rimu. Mpira uliopasukapasuka pale unavuja ukipindwa na kutulia ukiachwa. Kifuniko kisikosekane, kinazuia vumbi lisiingie na kukizuia kipini kujifunga.

Ya pili ni pale palipochomekwa kamba. Mwagia maji ya sabuni, subiri. Ya tatu ni msumari mwingine. Dar hii, kupata msumari wa pili wiki mbili baada ya wa kwanza si ajabu hata kidogo, hasa kama unapita karibu na ujenzi. Ukiuona, usiuchomoe mwenyewe. Tairi lisilo na tyubu linaubana msumari, ndiyo maana linashuka taratibu badala ya kulala papo hapo. Ukiuchomoa nyumbani umelifungua tundu kabla hujawa na kitu cha kuliziba.

Ya nne ni pale tairi linapokutana na rimu. Tairi lisilo na tyubu halijagundishwa kwenye rimu. Linashikwa na ukingo wake mnene wenye waya ndani, ambao upepo unausukuma ubane kwenye chuma. Chuma kikiwa laini na safi, hapo hapapiti kitu. Sasa fikiria rimu ya gari la 2005 lililokaa Dar. Hewa ya pwani ina chumvi. Rimu ya chuma inaota kutu na rangi inabanduka vipande. Rimu ya aloi inaota unga mweupe. Unga huo na kutu hiyo vinaunyanyua ukingo wa tairi kidogo tu, unene wa karatasi, na upepo unapata njia. Ongeza mashimo ya barabarani: gari likidumbukia kwa nguvu, mdomo wa rimu wa upande wa ndani unapinda, na wewe huuoni kwa sababu upande wa nje unang'aa vilevile.

Kwa nini naishuku hii? Kwa sababu fundi wa pili hakuona povu. Kwenye karai, mafundi wengi wanazungusha tairi wakitazama kashata tu, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, kwani ndipo misumari inapoingia. Uvujaji wa rimu hautoi mapovu makubwa yanayokimbilia juu. Unatoa vipovu vidogo sana, kimoja kimoja, vinavyojificha kwenye mfereji ulio kati ya rimu na tairi. Tairi likizungushwa haraka huvioni. Inawezekana pia kwamba kamba yenyewe ndiyo inayovuja pole pole kiasi kwamba sekunde tano za kutazama hazikutosha. Fundi hakukudanganya, aliharakisha tu.

Kwa hiyo rudi kwa fundi, na safari hii kaa naye. Mwombe alivue tairi garini, alijaze mpaka 40 kwa ajili ya kupima tu. Kwanza soma ubavuni namba ya mwisho inayoruhusiwa. Matairi mengi ya gari ndogo yanaruhusu 44 au 51. Alilaze chini, upande wa ndani ukiwa juu. Amwage maji ya sabuni kwenye ule mfereji mpaka ujae mzunguko wote, kisha msubiri dakika tano bila kuligusa. Piga naye soga. Kama ni rimu, utaona povu jeupe dogo dogo linajikusanya sehemu moja, kama la juu ya chai ya maziwa. Mweke alama hapo kwa chaki, mligeuze, mfanye vivyo hivyo upande wa nje, halafu kwenye valvu na kwenye kamba.

Kila chanzo na dawa yake

Ikiwa ni rimu, kazi ni ya uvumilivu kuliko ya utaalamu. Tairi linabanduliwa, kutu au unga unasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa laini mpaka kidole kikipita kisikwame, panafutwa pakauke, panapakwa safu nyembamba ya gundi maalumu ya ukingo wa tairi kama ipo, valvu mpya inawekwa, tairi linarudishwa na gurudumu linapigwa balansi. Wakati wa kurudisha, kilainishi ni maji ya sabuni. Usikubali grisi wala oili chafu, vinaharibu mpira na vinaliachia tairi liteleze kwenye rimu ukifunga breki. Na ukiona mtu analeta petroli na kiberiti ili tairi likae kwa mlipuko, chukua mali yako uondoke.

Rimu iliyopinda, kama ni ya chuma, inanyooshwa. Ya aloi iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa kwa mashine na mtu anayeijua kazi hiyo, si kwa nyundo. Ya aloi iliyopasuka mimi simshauri mtu kuichomelea na kuiendeshea safari ndefu. Tafuta nyingine.

Ikiwa ni kamba, hapa inabidi niseme kwa haki. Ile kamba ya mpira inayochomekwa kutoka nje si takataka. Kuna matairi yaliyoisha kashata yakiwa nayo bado inashika. Lakini inaitwa matengenezo ya muda kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyetazama ndani, na hujui msumari ulikata nini. Pili, ili iingie, fundi analipanua tundu kwa chuma chenye meno, na ndani ya tairi lako kuna mikanda ya waya za chuma. Waya zikikatwa na maji yakajipenyeza, zinaota kutu mahali ambapo huwezi kuona. Tengenezo kamili linafanywa kutoka ndani: tairi linabanduliwa, linakaguliwa, tundu linasafishwa, na panawekwa kiraka chenye mkia, umbo la uyoga, mkia unajaza tundu, kichwa kinaziba tabaka la ndani. Mkia peke yake hautoshi, na kiraka peke yake hakitoshi. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wa matairi ni tundu lisilozidi milimita 6, tena liwe katikati kwenye kashata. Tundu lililo begani au ubavuni halizibwi. Sehemu hizo ndizo zinazojikunja, kiraka hakikai.

Tairi likibanduliwa, chungulia ndani wewe mwenyewe au mulika kwa simu. Ukikuta unga mweusi wa mpira au ubavu umechubuka mstari kuzunguka tairi zima, basi lilishaendeshwa bila upepo wa kutosha na limeumia. Hapo hatuzungumzii tena kuziba.

Tyubu na dawa ya kumimina

Tyubu inapendwa kwa sababu inanyamazisha tatizo siku hiyohiyo. Tairi halishuki tena, mteja anaondoka ameridhika. Kilichotokea ni kwamba rimu mbovu au tundu bado lipo, ila sasa limefunikwa. Ndani ya tairi lisilotengenezwa kwa ajili ya tyubu hakujalainishwa. Kuna mistari ya kalibu, mara nyingine vibandiko vya kiwandani. Tyubu inasuguana na hayo kila mzunguko, inapata joto, inachakaa. Na msumari ukiingia, tyubu haiubani kama mpira wa tairi unavyofanya, inachanika, na upepo unatoka kwa mkupuo kupitia tundu la valvu. Umebadilisha tairi linaloshuka kwa siku nne kuwa tairi linaloweza kulala kwa sekunde chache ukiwa mwendo wa 90. Kijijini, mbali na gereji, tyubu ya kukufikisha mjini polepole ni msaada mkubwa na sitamcheka anayeiweka. Kwa safari yako na watoto, hapana.

Dawa ya kumimina aliyoisema shemeji yako ni ya dharura na ina kazi yake. Gari nyingi mpya hazina hata spea siku hizi, zinakuja na kopo la dawa na pampu ndogo. Inaziba tundu dogo kwenye kashata ikufikishe kwa fundi, kwa kawaida usizidi 80 kwa saa. Haitengenezi rimu iliyoota kutu, haitengenezi valvu. Inaweza kuganda kwenye kipini cha valvu, inaharibu balansi, na inamwachia fundi ute wa kuosha kabla kiraka hakijashika. Ukiwahi kuitumia, mwambie fundi kabla hajabandua. Kwako wewe, uliye mjini na fundi kila kona, sioni sababu ya kuinunua.

Kuhusu hiyo 32 na safari yenyewe

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna kibandiko, pengine kwa Kijapani. Huhitaji kusoma herufi. Tafuta ukubwa wa tairi lako na namba iliyo karibu nayo. Ikiwa 220, hiyo ni kPa, sawa na psi 32. Ikiwa 230 ni kama 33. Hiyo ndiyo namba ya gari lako, si ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo tu. Kwa gari lililojaa, kuongeza 2 au 3 kwenye matairi ya nyuma hakuna ubaya.

Nunua geji yako ndogo. Za sheli nyingine zimeanguka sakafuni mara nyingi mno kuaminika, na tena ukifika sheli tairi limeshapata joto, namba imepanda 4 au zaidi. Pima asubuhi kabla hujawasha gari. Ukipima njiani ukakuta 37, usipunguze, likipoa litarudi.

Jambo moja la Iringa linalowachanganya watu. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, na asubuhi zake ni za baridi. Baridi inashusha namba ya geji, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Lakini mwinuko unaipandisha, kwa kuwa hewa ya nje inayosukumana na tairi ni nyepesi kule, na tofauti inafika kama psi 2. Mambo haya mawili yanakaribia kufutana. Kwa hiyo ukiamka Iringa ukakuta tairi lile limepungua 4 na mengine hayakupungua, usisingizie mlima wa Kitonga mliopanda wala baridi.

Kagua na spea mapema, maana wengi wanaikumbuka siku wanayoihitaji. Ikiwa ni ile nyembamba, inajazwa 60, kPa 420, na mwendo wake hauzidi 80. Hakikisha jeki inapanda, spana inaingia kwenye nati, na pembetatu za kuakisi zipo. Barabara yenu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na kule si mahali pa kushuka na kuanza kutafuta spana chini ya mabegi.

Na kabla ya yote soma umri wa matairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililopita miaka 10 silitengenezi hata kama lina kashata za kung'aa, na matairi ya mtumba mara nyingi yanauzwa kwa kashata, si kwa umri.

Acha kuhangaika na fundi wa barabarani na uende moja kwa moja kwenye gereji ya matairi yenye mashine ya balansi ukiona uvimbe ubavuni hata mdogo kama nusu ya limau, waya au nyuzi zimejitokeza, rimu ina ufa, usukani unatetemeka au gari linavuta upande mmoja. Tairi lenye uvimbe halisubiri mwisho wa mwezi, liondolewe leo na uweke spea.

Fanya kazi hii wiki mbili kabla ya safari, ili ubaki na muda wa kulijaribu. Likishatengenezwa, jaza yote manne sawa asubuhi moja, andika namba kwenye simu, usiguse kwa siku saba, kisha pima tena saa ileile. Likiwa limepishana na mwenzake wa kulia kwa psi 1 au chini ya hapo, nendeni salama na mnisalimie Iringa. Likipishana kwa 2 au zaidi, tundu bado lipo, na safari hiyo ifanyike kwa tairi jingine.